Mvua Ilituwahi

Nehemia alikuja na kompyuta ndani ya kiroba cha unga,
akaifuta vumbi kwa mkono wa shati,
akaniuliza: Mama Ndahani, biashara yako ni nani?
Si nini. Nani.
Nikamwambia ni mlenda, baba. Mlenda mkavu wa Mvumi,
unatwangwa, unapimwa kwa kopo, unafungwa.
Hapana, akasema, hiyo ni bidhaa.
Niambie sura yake. Ikiingia chumbani,
watu wananyamaza au wanasogea wakae nayo?

Nilikuwa na wateja watatu mezani,
soko la Majengo, saa nne, upepo umeshaamka.
Sikuwa na nafasi ya kuwa na sura.

Akaitengeneza tovuti hivyo hivyo.
Jumamosi akanionyesha: kijani cha majani ya ng'ambo,
herufi nyembamba kama miguu ya korongo,
na mwanamke, meno yote nje,
anaichekea bakuli ya kachumbari.
Huyu ni nani?
Ni wewe, akasema, kwa mfano.
Na chini yake: Ubora Usio na Kifani.
Nikamuuliza, kifani ndiyo nini?
Akakuna kichwa.
Barabara ya Sita nzima ina ubora huo,
hadi muuza betri.

Basi nikampakulia.
Ugali wa uwele, tonge la kwanza,
mlenda ukamfuata kutoka bakuli hadi kidevu,
uzi mmoja mrefu usiotaka kukatika.
Haya, piga picha hiyo.
Akapiga. Simu ikatuonyesha kamasi.
Tulicheka mpaka jirani wa dagaa akaja kuuliza nani kafa.

Halafu ikaja Machi.
Wifi yangu Damari alikuwa ameanika juu ya mwamba,
majani yamekaribia kulia kama karatasi,
wingu likatoka upande usiotazamwa.
Magunia manne. Yalifika Majengo na harufu ya godoro la mgonjwa.
Saga, akaniambia mzee wa mizani, changanya na makavu,
unga hauna macho.

Niliwaza. Nisiseme sikuwaza.
Usiku mzima ada ya Yeremia ilikaa ukingoni mwa kitanda.
Alfajiri nikayamwaga nyuma ya soko;
hata mbuzi wa Chilewa walinusa, wakapita.

Nehemia alikuwepo. Hakuandika kitu.
Jioni akapiga: fungua ukurasa wa mbele.
Yule wa meno hayupo.
Rangi imekuwa ya ule mwamba, kijivu chenye wekundu kidogo,
na maneno makubwa, manene, ya kusomeka juani:

*Mvua ilituwahi. Magunia manne tumemwaga.*
*Wiki hii hatuna. Mwenye haraka anunue kwingine.*
*Anayesubiri: Alhamisi ya pili.*

Nikapandwa na hasira. Nani anafungua duka
kwa kutangaza kwamba hana?
Ndivyo unavyoongea, akasema. Nimekunakili tu.

Siku mbili simu ikanyamaza, nami nikanyamaza naye.
Ya tatu ikalia, namba siijui, sauti ya mwanamume:
*Mbukwa.*
Nani anasalimia Kigogo kutoka Tunduma?
Dereva wa lori, mzaliwa wa Buigiri, miaka saba njiani.
Wewe ndiye uliyemwaga?
Ndiye.
Akavuta pumzi. Hiyo Alhamisi, akauliza, ni tarehe ngapi?
Akataka makopo sita.
Sita si utajiri. Ada bado inadaiwa.

Sasa Nehemia anataka nembo.
Nikachukua kifuko, nikamfungia mbele ya macho yake
kama mama alivyofunga: ukindu mara mbili shingoni,
ncha moja ipite chini, nyingine ibaki nje.
Chora hilo fundo.
Amechora mara tatu. Zuri, limenyooka,
limekaa kama tai ya mbunge,
na kila mara anaukata mkia
eti unachafua ukurasa.

Mkia, Nehemia. Acha mkia.
Mtoto akitumwa jikoni
atavuta wapi?